Usifungue kampuni mpya kwa jina la mtoto: kampuni yako ya zamani inaweza kubadili kazi

Tangu migodi ianze kukagua kwa ukali makaratasi ya wanaoiuzia huduma, dirisha letu la guichet unique, ofisi ya kuandikisha kampuni hapa Lubumbashi, limejaa watu wa aina moja. Si vijana wanaofungua kampuni yao ya kwanza. Ni wazee wa biashara, wenye depo, magari na wafanyakazi, ambao dosie yao ya kuomba kazi migodini imerudishwa. Mmoja alitupigia meza: "Niko sokoni tangu wakati wa zaire, leo mnaniambia sijulikani?" Tulifungua makaratasi yake. Kampuni imeandikishwa kuuza saruji na mabati, na yeye ameomba kazi ya kupikia wafanyakazi wa mgodi. Jiko analo, wapishi anao, bukari yake inasifiwa. Ila kwenye RCCM, daftari la Serikali la kuandikisha biashara, hakuna sufuria hata moja.

Ninaandika kwa ajili ya watu hawa, kwa sababu wengi wao wamekwisha kufanya lililo gumu: wameona soko linageuka na wakageuka nalo. Wanakwama kwenye lililo jepesi.

Kugeuka si anasa katika mji huu. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya Serikali ya migodi, ilitoa karibu tani 476,000 za shaba, na maduka mengi ya Lubumbashi yaliishi kwa mishahara yake. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na miaka minne baadaye uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 30,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa kujiuzulu kwa hiari. Waliokuwa na mteja mmoja tu walifunga milango. Nilidhani somo hilo limeingia. Lakini mwezi Februari 2025 Serikali iliposimamisha kobalti kuuzwa nje ya nchi, na Oktoba ikairuhusu tena kwa kipimo, kila kampuni na sehemu yake, wenye malori na wenye vyakula walikuja kwetu na swali lile lile la mwaka 1990: sasa tumuuzie nani?

Kuna mzee mmoja aliyekuwa anauza jenereta na kuzitengeneza. Umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya Serikali, ukikatika, yeye anafurahi. Hivyo ndivyo alivyoishi miaka mingi. Kisha wateja wakaanza kumuuliza bei ya paneli za jua. Kwanza aliwacheka. Akaona walewale aliokuwa anawauzia mafuta na filta hawarudi tena. Hakuuza jenereta zote ili anunue paneli, na hapo alinifurahisha. Alimtoa fundi mmoja kwenye karakana, akampa meza yake, daftari lake na pesa kidogo zilizohesabiwa, akamwambia afunge mitambo mitatu tu kwa wateja wa zamani wanaomwamini. Mtambo wa kwanza ulisumbua: betri zilikuwa ndogo kuliko friji za mteja. Walizibadili kwa hasara, wakaandika sababu kwenye daftari. Wa tatu haukuwa na tatizo. Daftari lile nililishika mkononi: ukurasa mmoja kwa kila nyumba, vifaa vyote vya umeme vimeorodheshwa, na saa ambazo umeme hukatika mtaani. Hesabu ile hakuna mpinzani wake aliyekuwa nayo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na wateja wa miaka kumi na tano wa kumfungulia mlango na kumwonyesha friji.

Hiyo ndiyo mali ya kampuni ya zamani. Kijana aliyeanza jana ana mwendo wa haraka. Wewe una watu wanaokujua. Jaribu jambo jipya kwa udogo, pembeni ya kazi inayolipa mishahara, na umpe mtu mmoja jukumu hilo kwa jina. Ukimwachia kila mtu, hakuna atakayelifanya, maana mteja wa kila siku atapiga simu kwanza. Na tafadhali wafundishe mafundi wako. Kila mwezi mnalipa mchango wa INPP, taasisi ya Serikali ya mafunzo ya kazi, kati ya asilimia 1 na 3 ya mishahara kulingana na idadi ya wafanyakazi, kisha mnaniuliza mafunzo yanapatikana wapi! Mnayalipia tayari. Nendeni mkayaombe.

Sasa tuje kwenye makaratasi, maana hapa ndipo ninapowaona watu wazima wanaharibu kazi yao wenyewe.

Dosie ikirudishwa, wengi husema: "Basi, nitafungua kampuni nyingine kwa jina la mtoto." Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno. Kampuni mpya haina umri, na wenye kutoa kazi huuliza umri. Haina historia benki. Haina barua za wateja waliotosheka. Na yale madeni ya kodi au ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, unayotaka kuyakimbia hayafi. Yanabaki kwenye kampuni ya zamani, na ukiiacha ianguke huku umehamisha mali yake, mahakama ya biashara inaweza kumdai kiongozi wake mwenyewe alipe upungufu huo. Sheria ya OHADA, yaani sheria ya biashara ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, inayotumika nchini mwetu tangu tarehe 12 Septemba 2012, imekupa njia fupi zaidi: badili statuti, yaani katiba ya kampuni.

Kwa SARL, kampuni ya dhima yenye kikomo, jera, yaani msimamizi wake, anaita mkutano mkuu usio wa kawaida. Barua ya mwaliko iwafikie wanachama angalau siku 15 kabla, na iseme wazi kitakachojadiliwa. "Mambo mengineyo" hayatoshi. Kubadili kazi ya kampuni kunahitaji wanachama wenye angalau robo tatu za mtaji wakubali. Robo tatu za mtaji, si robo tatu za watu waliokaa chumbani. Ndugu watano wakikubali na mmoja mwenye asilimia 30 akikataa, hamjabadili kitu. Kwa SA, kampuni ya hisa, hesabu ni nyingine, theluthi mbili za kura zilizopigwa, na lazima idadi ya hisa zilizohudhuria itimie kwanza. Andika muhtasari wa mkutano, utiwe sahihi, uandike upya kifungu cha kazi za kampuni, kisha ulete vyote guichet unique.

Muda ni siku 30 tangu mabadiliko yafanyike. Siku 30 tangu mkutano, si tangu uliposikia habari za zabuni. Usipoandikisha, mabadiliko hayo huwezi kumkabili nayo mtu wa nje wala ofisi ya Serikali, ingawa wao wanaweza kuyatumia dhidi yako. Soma sentensi hiyo mara mbili. Na aliyeacha kuandikisha, au aliyeandikisha kwa udanganyifu, sheria ya jinai ya nchi inamhusu. Baada ya RCCM, peleka nakala kwenye kodi, CNSS na benki, ili jina, anwani na kazi ziwe zilezile kila mahali. Dosie nyingi zinazorudi kwetu zinarudi kwa sababu barabara imeandikwa hivi kwenye karatasi moja na vile kwenye nyingine.

Kuna wanaoniambia kwamba mkataba nje ya kazi zilizoandikwa ni batili. Si kweli. Mteja aliyekuja kwa nia njema analindwa, na kampuni inabanwa na mkataba huo. Anayebaki na mzigo ni jera mbele ya wanachama wenzake.

Jambo jingine: angalieni mihuri yenu. Bado naona muhuri wa "SPRL" mwaka huu! Umbo hilo liliondoka na OHADA. SPRL ya zamani ni SARL ya leo, na ile iliyoitwa SARL kwa sheria ya zamani ni SA. Kampuni zilipewa miaka miwili, hadi 12 Septemba 2014, kulinganisha statuti zao. Ambaye hakufanya hivyo asijifiche nyumbani. Afike, tutamsaidia kupanga.

Kuhusu kazi za migodi, sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inaacha kazi za kandarasi ndogo kwa kampuni ambazo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongomani, na ARSP, ofisi ya Serikali ya kandarasi hizo, ndiyo inayosimamia. Kuazima jina la Mkongomani huku mtaji ni wa mwingine si ubunifu. Anayeazimisha jina lake ajue kwamba karatasi zina sahihi yake, na ni yeye atakayeitwa.

Kama kampuni imeishiwa pumzi, usisubiri wadai wafunge mlango. Tangu mwaka 2015 OHADA inaruhusu mapatano ya siri na wadai kupitia mpatanishi aliyeteuliwa na mahakama, kabla kampuni haijashindwa kulipa. Ikishashindwa, una siku 30 za kutangaza mahakamani. Watu huona aibu kuja mapema, nami ninaielewa aibu hiyo; jina la baba liko kwenye mlango. Lakini mwenye kuja mapema bado ana la kujadili, na wafanyakazi wake bado wana kazi.

Yule mzee wa jenereta alikuja na binti yake, ambaye ndiye anayeshika daftari la paneli sasa. Kifungu walichoandika kilikuwa na mistari kumi na minne, kikitaja hadi uuzaji wa samaki. Tulikipunguza pamoja pale dirishani: kuuza, kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme ya aina zote, pamoja na kazi zinazofungamana nayo. Njoo na rasimu yako namna hiyo, kabla ya mkutano, kabla ya kulipa chochote. Kuisoma ni bure.