Penye Kelele, Badili Programu Kabla ya Kuongeza Sauti

Malalamiko tunayopokea kliniki kuhusu vifaa vya kusaidia kusikia yameongezeka, na mengi yanafanana: "Nyumbani nasikia vizuri, ukumbini nasikia makelele tu, kifaa kibovu." Mara nyingi kifaa ni kizima. Kimeachwa kwenye programu (mpangilio wa sauti) ya kwanza, ile ya mahali patulivu, kisha mwenyewe akapandisha sauti. Ukipandisha sauti, vinapanda pia viti vinavyoburutwa na maongezi ya meza ya nyuma.

Programu ya penye kelele hutumia maikrofoni mbili. Kifaa hulinganisha sauti iliyoingia mbele na iliyoingia nyuma, kisha hufifisha ya nyuma. Basi kelele iache mgongoni, msemaji awe mbele yako, kiasi cha mita moja. Wengi hufanya kinyume: huegemea ukuta, ukumbi mzima ukiwa mbele yao, na kifaa kinawaletea ukumbi mzima. Umbali nao una gharama. Katika eneo la wazi, kila unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Na tafadhali tuelewane: hakuna programu inayofuta kelele ikabakiza maneno peke yake.

Katika vifaa vingi unabonyeza kitufe kwa sekunde mbili hivi, kisha unahesabu milio: miwili ni programu ya pili. Ukifungua mlango wa betri, kwa kawaida kifaa hurudi programu ya kwanza, kwa hiyo chagua upya.

Kwa simu, kama kifaa chako hukaa nyuma ya sikio, spika ya simu iweke juu ya sikio, usawa wa maikrofoni, si kwenye tundu. Programu ya T, inayopokea sauti kwa sumaku kutoka waya uliotandazwa ukumbini na kutumika penye alama ya sikio na herufi T, mara nyingi huzima maikrofoni. Ukisahau kuitoa hutamsikia hata aliye kando yako, na hapo ndipo watu huleta kifaa "kilichokufa".

Ukitaka kurekebishiwa, andika kwa wiki mbili: ulikuwa wapi, watu wangapi, programu ipi, sauti gani ilikusumbua. "Sisikii vizuri" haitusaidii. Njoo na vifaa vyote viwili, chaja au betri, na kipimo chako cha mwisho cha usikivu. Kwanza tutaangalia nta, maana nta au kipande kisichokaa sawasawa sikioni huleta mluzi: sauti huvuja na kurudi kwenye maikrofoni. Kisha tutasoma kumbukumbu ya saa za matumizi. Ikionyesha saa mbili kwa siku, tutakuomba ukivae zaidi kwanza, kwani ubongo huhitaji wiki kadhaa kuzoea. Mwisho tutaingiza mrija mwembamba sikioni na kupima sauti inayofika karibu na ngoma.

Usimpe fundi wa simu akifungue. Dhamana kwa kawaida hufutika papo hapo, hata kama kasoro ilikuwa ya kiwandani. Na anayeondoa kikomo cha juu cha sauti anaweza kuharibu usikivu uliobaki.

Usikivu ukishuka ghafla, sikio likiuma au kutoa usaha, usiguse kitufe chochote. Muone daktari siku hiyo hiyo.