Kuanguka chuoni bila chanzo kujulikana: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nafundisha uuguzi katika chuo cha kati, na haupiti mwaka bila kuletewa mwanafunzi aliyeanguka ghafla: darasani, bafuni, au wodini akiwa field. Kaanguka, katikisika, kaamka hajui kilichompata. Ikifika jioni hosteli nzima imeshampa ugonjwa, na daktari bado hajamwona. Miezi inayofuata ndiyo migumu zaidi. Huku rufaa, huku test na field, na katikati ana maneno ya watu masikioni. Mengi ya maneno hayo si kweli, na baadhi yake ndiyo yanayomchelewesha kupata jibu.

"Ameanguka akatikisika, basi ana kifafa"

Si lazima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 10 ya watu wote hupata tukio la namna hii angalau mara moja maishani, na wengi wao hawapati kifafa kamwe. Kwa kawaida daktari husema kifafa pale mtu anapopata matukio mawili au zaidi yasiyo na kichochezi cha papo hapo, yaliyopishana kwa zaidi ya saa 24, au tukio moja tu lakini vipimo vinaonyesha kuna uwezekano mkubwa wa kurudi. Malaria kali, sukari kushuka, homa ya uti wa mgongo, kuacha pombe ghafla baada ya kuizoea, hata tramadol, dawa ya maumivu ambayo baadhi ya vijana wanaimeza kama pipi, vyote vinaweza kumwangusha mtu asiye na kifafa.

Halafu kuna kuzimia kwa kawaida, na hapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huhusika sana. Mtu hajanywa chai, amesimama saa mbili chumba cha upasuaji chenye joto, akiona damu anazimia. Akiwa chini mikono inarukaruka sekunde chache, na wenzake wanaapa ni kifafa. Mwaka 1994 watafiti wa Ujerumani waliwarekodi kwa video watu wenye afya waliojitolea kuzimishwa kwa makusudi. Kati ya 42 waliozimia kabisa, asilimia 90 walitikisika viungo. Aliyezimia hupauka, hutoka jasho, macho humwingia giza kabla, na akilazwa chini anarudi akili upesi. Aliyepata kifafa cha kukakamaa huamka amechanganyikiwa, mwili unauma, mara nyingi ameuma ulimi upande wa pembeni.

Nami nasisitiza jambo moja ambalo linasahaulika mno: yeyote aliyeanguka bila sababu inayojulikana apimwe umeme wa moyo, ECG. Mapigo ya moyo yaliyovurugika yanaweza kumwangusha kijana akatikisika vilevile, na kuyachukulia kuwa kifafa kunaweza kuua. Kipimo hakiumi, kinachukua dakika chache, na baadhi ya hospitali za wilaya wanacho.

"Tusubiri kipimo, ndicho kitakachosema"

Hii ndiyo dhana inayowavunja moyo wengi. Mwanafunzi anasubiri rufaa, anakopa nauli, anafika hospitali kubwa, anapimwa umeme wa ubongo, EEG, na karatasi inasema hakuna tatizo. Anarudi amekata tamaa, na waliokuwa wakimwambia anajifanya wanapata la kusema.

Ukweli ni kwamba kwa takriban nusu ya watu wenye kifafa, EEG ya kwanza haionyeshi kitu. Kipimo kinarekodi dakika 20 au 30 tu, na ubongo unaweza kuwa umetulia kabisa muda huo. Kurudia, hasa baada ya kulala saa chache tu usiku, huongeza nafasi ya kuona. Na kinyume chake pia kipo: watu wachache wenye afya kamili, kama 5 kati ya 1,000, wana mawimbi yanayofanana na ya kifafa na hawajawahi kuanguka. Kwa hiyo karatasi peke yake haimpi mtu kifafa wala haimwondolei.

Kinachompa daktari jibu, kuliko mashine yoyote, ni maelezo ya aliyeona. Alikuwa anafanya nini dakika tano kabla? Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Kichwa kiligeukia upande gani? Ulianza mkono mmoja au mwili wote kwa pamoja? Ilichukua muda gani kwa saa, si kwa kukisia? Baada ya kuamka aliongea lini maneno yenye maana? Mgonjwa mwenyewe hawezi kujibu hata swali moja kati ya hayo, kwa sababu hakuwepo. Ndiyo maana nawaambia: usiende kliniki peke yako. Nenda na roommate aliyekuona, au mpigie simu mkiwa mbele ya daktari. Na kama umemwamini mwenzako, mpe ruhusa mapema akurekodi kwa simu, aoneshe uso na mwili mzima, halafu video hiyo aioneshe kwa daktari tu. Nimewahi kuona video ya sekunde 40 ikimaliza mabishano ya karibu mwaka mzima.

Jambo dogo kwa wasichana wanaokwenda kupimwa EEG: fumua nywele usiku wa kuamkia, uzioshe, usipake mafuta. Waya zinagandishwa kwenye ngozi ya kichwa, na mara nyingi aliyesafiri akiwa amesukwa rasta au vitunguu hupangiwa siku nyingine. Utaambiwa upumue kwa nguvu kama dakika tatu na utamulikwa taa inayowakawaka. Ni sehemu ya kipimo, usiogope.

"Ni uchovu wa mitihani tu, akilala ataamka mzima"

Kukesha kweli huchochea. Lakini mtu akisema uchovu tu, anaweza kufunika aina ya kifafa inayowapata hasa vijana, inayoanza mara nyingi kati ya miaka 12 na 18. Sikiliza inavyokuja. Asubuhi, muda mfupi baada ya kuamka, mikono inashtuka yenyewe. Mswaki unaruka, kikombe cha chai kinamwagika, na akili iko timamu kabisa. Kijana anaitwa mzembe, naye anacheka na wenzake. Miezi inapita. Siku moja, baada ya kukesha akijisomea, anaanguka mzimamzima, na akiulizwa kama amewahi kuwa na dalili anasema hapana, kwa sababu hajawahi kudhani kikombe kilichomponyoka kinahusiana.

Mwulize mwenyewe kuhusu asubuhi. Sababu ya kulisisitiza hili ni dawa: kabamazepini, iliyozoeleka sana katika hospitali zetu na inayowasaidia wengi, inaweza kuzidisha kifafa cha aina hii. Mwanafunzi anameza vizuri, anazidi kuanguka, anaambiwa hamezi. Mishtuko ya asubuhi ikitajwa siku ya kwanza, safari nzima inabadilika.

"Anajifanya, hataki mtihani"

Wapo wanaoanguka na kutikisika huku umeme wa ubongo ukiwa sawa wakati uleule wa tukio. Mara nyingi macho yamefumbwa kwa nguvu, kichwa kinayumba kulia na kushoto, tukio linapungua na kurudi, na linaweza kuchukua dakika nyingi, wakati kifafa cha kukakamaa kwa kawaida huisha ndani ya dakika mbili tatu na macho yakiwa wazi. Haya ni matukio ya kweli. Hayapangwi na mgonjwa, hayazuiliki kwa kukemewa, na anaweza kuumia. Kwa baadhi yao kuna msiba, unyanyasaji au hofu kubwa nyuma yake. Kwa wengine hakipatikani kitu cha namna hiyo. Dawa za kifafa haziwasaidii. Kinachosaidia ni kuelezwa kwa heshima tatizo ni lipi, kisha tiba ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia.

Nimeweka dalili hizo ili shahidi ajue cha kutazama. Matroni au mwenzake asizitumie kutoa hukumu pale kitandani. Wapo wagonjwa wenye vyote viwili, kifafa na matukio haya, na kuwatenganisha vizuri kunahitaji EEG inayorekodiwa pamoja na video, ambayo kwetu bado ni adimu.

"Karogwa", "ni ya ukoo wao", "anakula kitimoto huyo"

Anayetaka kuombewa aombewe, mradi dawa isisimamishwe na kliniki isikatizwe. Lakini chanzo kitafutwe kwingine. Mahenge, mkoani Morogoro, Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuwatibu kwa fenobabitali, dawa ya kifafa, watu waliokuwa wametengwa na jamii. Utafiti uliofuata baadaye umekihusisha kifafa kingi cha huko na usubi, ugonjwa wa vimelea wanaoenezwa na inzi weusi wa kando ya mito.

Na kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Minyoo ya tegu ya nguruwe ikijenga vifuko kwenye ubongo ni chanzo kikubwa cha kifafa, nyanda za juu kusini, Mbulu, hata magharibi mwa Kenya. Ila vifuko hivyo huja kwa kumeza mayai ya minyoo yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, kupitia mikono, maji au mboga zisizooshwa. Anayekula nyama isiyoiva hupata mnyoo tumboni. Kwa hiyo mwanafunzi ambaye hajawahi kugusa nguruwe maishani anaweza kuwa navyo, kwa sababu aliyempikia hakunawa. CT scan, picha ya ndani ya kichwa, huviona vizuri vikiwa vimekauka. Mtaje daktari umekulia wapi.

"Mwekee kijiko mdomoni, usiguse mate yake"

Kijiko kinavunja meno. Kifafa hakiambukizi kwa mate, mkojo wala kwa ushuzi, kama wengi walivyoaminishwa. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, tazama saa. Zikipita dakika tano bado anatikisika, au akirudia kabla hajazinduka, hospitali haraka. Kitunguu na njiti ya kiberiti puani havimsaidii kitu.

"Akianza dawa atakuwa zezeta maisha yake yote"

Kwa matibabu sahihi, hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka, na baada ya miaka miwili ya utulivu daktari anaweza kufikiria kuzipunguza taratibu. Taratibu, nasema. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta matukio yasiyokatika. Kusinzia darasani kupo kweli, hasa kwa fenobabitali. Mwambie daktari unasoma, dozi au dawa inaweza kubadilishwa. Wasichana waulize kwa jina kuhusu valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Huleta kasoro za maumbile kwa takriban mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni mama akiitumia, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri isitumike kwa wasichana na wanawake wenye umri wa kuzaa. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitali nazo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango.

"Kazi aliyoisomea ndiyo basi"

Kazi chache kweli zinafungwa. Rubani ni mfano, kwa sababu kanuni za kimataifa za anga haziruhusu historia ya kifafa. Anayesomea umeme asipande nguzo mpaka matukio yadhibitiwe, na kuendesha gari kusubiri kauli ya daktari. Kwa uuguzi, tatizo kubwa ninaloliona ni zamu za usiku mfululizo, na hizo zinapangika: nimewapanga wanafunzi zamu za mchana muhula mzima na wamehitimu pamoja na wenzao. John Roberts, Jaji Mkuu wa Marekani, alianguka kwa mtukutiko mwaka 1993 na tena 2007, madaktari hawakupata chanzo, na aliendelea na kiti chake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa ulemavu, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 27, inataja pia hali ya afya.

"Usimwambie mtu, watakudisko"

Wanaodisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, kwa nilivyoona, ni waliokosa test mbili tatu bila karatasi yoyote. Kutangaza hosteli nzima si lazima. Watu watatu wanatosha: roommate, mshauri wa wanafunzi, na msimamizi wa field. Hospitali nyingi za wilaya huweka kliniki ya kifafa chini ya kitengo cha afya ya akili, na najua wanafunzi waliogeuza mlangoni walipoona kibao. Ingia. Ni mpangilio wa huduma tu, hakuna anayesema una wazimu.

Ukishaonwa, omba barua hata kama jibu bado halijapatikana. Iseme tu kwamba unachunguzwa kwa matukio ya kupoteza fahamu, tarehe za kliniki zijazo, na unachohitaji kwa muda huu: usipangiwe zamu za usiku, usipande ngazi za juu, mtihani uliokosa kwa sababu ya tukio upewe nafasi nyingine. Haihitaji kutaja kifafa. Ipeleke kabla ya muhula wa mitihani, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala moja ibaki kwako.