Kuprogramu ufunguo wa gari ni nini?

Kuprogramu ufunguo ni kuiandikia kompyuta ya gari namba ya siri ya ufunguo mpya, ili gari likubali kuwaka nao. Kuchonga meno ni kazi nyingine kabisa. Ufunguo uliochongwa vizuri lakini haujaprogramiwa utafungua mlango na kuzungusha swichi, pengine hata starta itapiga, ila injini itagoma, au itawaka sekunde chache tu na kuzima.

Kinachogomesha ni imobilaiza, yaani kifaa cha kuzuia wizi kisichoruhusu injini kuwaka bila ufunguo kinaoutambua. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo mna chipu ndogo isiyo na betri. Ukiwasha swichi, koili iliyozunguka tundu la ufunguo huipa chipu umeme kidogo kwa mawimbi ya redio, nayo hujibu kwa namba yake. Namba ikitambulika, injini inaruhusiwa kuwaka. Ndiyo maana betri ya rimoti ikiisha vitufe havifungui milango, lakini gari la swichi, yaani la kuzungusha ufunguo na si la kubonyeza kitufe, linawaka kama kawaida. Uingereza ilifanya kifaa hiki kuwa lazima kwa magari mapya ya abiria tangu Oktoba 1998.

Ukiwa bado na ufunguo mmoja unaofanya kazi, fundi huchomeka mashine yake kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kuongeza wa pili, mara nyingi kwa dakika chache. Ukipoteza zote, mambo hubadilika. Kwa baadhi ya Toyota za zamani inabidi afungue dashibodi, atoe kiboksi cha imobilaiza na kuandika upya kumbukumbu yake mezani. Gharama inapanda hapo. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani hufika Dar es Salaam na Mombasa yakiwa na ufunguo mmoja tu, kwa hiyo tengeneza wa pili sasa, kabla huo mmoja haujapotea.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: ufunguo uliopotea unaendelea kuwasha gari mpaka namba yake ifutwe. Mwambie fundi aufute, na uende na funguo zote ulizobaki nazo, maana kwenye magari mengi kufuta huondoa zote, kisha zinaandikishwa upya moja moja. Fundi makini atataka kwanza kuona kadi ya gari na kitambulisho chako. Mpe bila kununa. Na hata baada ya kufutwa, ufunguo ule bado unafungua mlango kwa meno yake, kwa hiyo usiache kitu cha thamani ndani mpaka ubadilishe vitasa.