Kapu la mboga la wiki: maswali na majibu kuhusu kulipika bila kuliharibu

Katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam majirani wamezoea kuchangishana kila wiki. Pesa zinatumwa kwa simu, mmoja anadamkia sokoni Ilala au Mabibo, au kikundi kinaagiza moja kwa moja kwa wakulima wa Lushoto na Mgeta, kisha mzigo unagawanywa mafungu sawa na kila nyumba inapokea kapu lake. Bei inakuwa nafuu na mboga zinakuwa za msimu. Tabu inaanzia jikoni, kwa sababu kilichomo hukukichagua, na ikifika Jumatano nusu yake imenyauka. Maswali yaliyo hapa ndiyo husikika mara kwa mara kwa watu wa makapu.

Tuko watano nyumbani. Kapu la kilo ngapi linatutosha?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mwenye miaka 10 na kuendelea ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 9 ale gramu 350, na wa miaka 2 hadi 5 ale gramu 250. Chukua baba, mama, kijana wa miaka 12, binti wa miaka 7 na mdogo wao wa miaka 4: jumla ni kilo 1.8 kwa siku, yaani kilo 12.6 kwa wiki. Viazi, mihogo, magimbi na ndizi za kupika hazimo kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa hizo ni vyakula vya wanga kama ugali. Maganda na vikonyo vinavyotupwa navyo havihesabiwi.

Kilo hizo zinatisha kuzisikia, lakini matunda yamo ndani yake. Papai moja kubwa, maembe ya msimu na tikiti la kugawana hubeba sehemu kubwa. Kapu la majani matupu, hata likifurika, halifiki.

Kapu linaingia Jumamosi. Nianze kupika nini?

Anza na kinachokufa mapema. Nyumba nyingi hufanya kinyume: kabichi inapikwa siku ya kwanza kwa sababu haina kazi ya kuchambua, huku mchicha ukisubiri kwenye mfuko hadi uote ute. Majani hupoteza vitamini C tangu yanapokatwa shambani, na joto la Dar linaharakisha hasara hiyo. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili ni za mchicha, matembele, chainizi na majani ya maboga. Kisamvu nacho kipikwe wikiendi, maana kinataka muda wa kutwanga na kuchemsha.

Jumatatu hadi Jumatano geukia bamia, nyanya chungu, bilinganya na hoho. Hizi zinakubaliana sana na samaki au dagaa, na nyanya zilizoanza kulainika ndizo za kuungia. Karoti, kabichi na vitunguu vitakusubiri hadi Ijumaa bila kulalamika, na boga zima ambalo halijapasuliwa linaweza kukaa hata mwezi. Alhamisi pika maharage yenye karoti. Ijumaa kabichi ikaangwe kidogo, na boga lipikwe kwa nazi kama tunavyolifanya wakati wa futari.

Ukishajua mpangilio huu, huhitaji kuandika ratiba ya chakula ukutani. Usiku angalia tu kipi hakitafika kesho kutwa.

Sina friji. Nifanyeje?

Toa kila kitu kwenye mifuko ya plastiki, kwa sababu majani yanatoa jasho humo na kuoza. Yafunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, uyaweke sakafuni penye hewa na pasipopigwa na jua, na uloweshe kitambaa tena kikikauka. Bamia zisioshwe hadi siku ya kupikwa. Karoti zikatwe majani yake, maana yananyonya maji ya mzizi. Viazi vikae gizani, mbali na vitunguu. Ndizi mbivu, maembe na maparachichi yaliyoiva yasilale karibu na majani, kwani yanatoa gesi inayofanya mboga ziwe za njano upesi.

Mboga zikizidi, zikaushe. Chovya majani kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, yachuje, kisha uyaanike kivulini penye upepo au kwenye kikaushio cha jua chenye kifuniko. Jua kali la moja kwa moja huharibu karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Watu wa Dodoma na Singida hawahitaji somo hili, kwani mboga kavu ndizo zinazowavusha kiangazi.

Niioshe kwa chumvi, siki au sabuni?

Sabuni hapana, si ya kuliwa. Kinachofanya kazi hasa ni maji safi mengi yanayotiririka. Osha kabla ya kukatakata: ukikata kwanza, vitamini zinazoyeyuka zinaondoka na maji, na uchafu unaingia kwenye mikato. Majani yenye mchanga yasuuze mara kadhaa kwenye beseni, ukimwaga maji kila mara.

Kwa kachumbari na matunda yanayoliwa na ganda, suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya kutibu maji. Waliokuwa Dar Agosti 2015, kipindupindu kilipolipuka, wanajua kwa nini. Kipindi cha mlipuko ni afadhali kuacha kachumbari kabisa na kula vilivyopikwa vikiwa bado vya moto.

Na zile nyanya zenye madoa meupe ya dawa? Na mchicha wa mabondeni?

Ni mambo mawili tofauti. Mabaki ya dawa yaliyo juu ya ganda hupungua kwa kuosha na kusugua, na zaidi kwa kumenya, ila kuna dawa zinazoingia ndani ya mmea na hizo haziondoki. Dawa dhidi ya wadudu huandikwa kwenye lebo siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Hapa kapu lina faida kuliko genge, kwa kuwa mkulima mnamjua. Mpigieni mumuulize alipulizia lini na lebo inasema siku ngapi. Akikosa jibu, mmeshajibiwa.

Mchicha unaomwagiliwa maji ya mto mchafu ni tatizo zito zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi jijini Dar es Salaam, na ukakuta metali nzito, risasi ikiwemo. Metali hizo zimo ndani ya jani. Haziondoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Kikundi kinachoagiza mboga kina haki ya kuuliza bustani iko wapi na inamwagiliwa maji gani.

Mama mkwe anasema mchicha lazima uive hadi uwe laini kabisa, na anatia magadi. Ni sawa?

Usibishane naye kuhusu ladha. Magadi yanalainisha na kubakiza rangi ya kijani, hilo ni kweli. Lakini yanaua vitamini C na baadhi ya vitamini B, na yana sodiamu, kwa hiyo mwenye presha anaongezewa mzigo hata kama chumvi haijatiwa. Magadi ya kanda ya kaskazini yana pia floridi nyingi, na watoto wa huko wanaokua na meno ya kahawia wameathiriwa nayo pamoja na maji ya visima. Kwenye makande au maharage ambako magadi hutiwa ili kuokoa mkaa, dawa ni kuloweka usiku kucha.

Mchicha hauhitaji zaidi ya dakika tano. Tia maji kidogo sana, au yale tu yaliyobaki kwenye majani baada ya kuosha, funika, upike, epua. Usichemshe kwenye maji mengi kisha ukamwaga, kwa sababu unachomwaga ndicho ulichonunulia.

Nimeambiwa nina presha, nile mboga chukuchuku. Hakuna njia nyingine?

Ipo. Karotini iliyo kwenye majani, karoti na boga haifyonzwi vizuri bila mafuta kidogo. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwenye sufuria la watu wanne au watano kinatosha, au karanga za kusaga, au tui jepesi. Anayekuumiza zaidi ni chumvi, na kikomo kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Humo mna chumvi ya mkate, ya dagaa wakavu na ya vile vikolezo vya vipande. Ukitia kikolezo, usitie chumvi tena. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya zilizoiva vizuri vinaziba pengo hilo kwa kiasi kikubwa.

Kisamvu kina sumu kweli?

Kikiwa kibichi, ndiyo. Majani ya mhogo yana kemikali zinazozalisha sayanidi, na mhogo mchungu unazo nyingi zaidi. Bibi zetu walipata njia sahihi: kutwanga hadi kilainike kabisa, kisha kukichemsha muda mrefu. Kutwanga kunaiachilia sumu na moto unaipeperusha, na ndiyo maana kisamvu kichemshwe bila kufunikwa, tofauti na mchicha. Tui na karanga ziingie baadaye. Wanaosaga kwa mashine wasidhani kusaga kunafuta hatua ya kuchemsha.

Maharage mekundu nayo yana lake. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, kisha yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Yakipikwa kwa moto mdogo tu bila kutokota, huleta kutapika na kuharisha.

Binti yangu ana upungufu wa damu. Majani yatamtosha?

Yatamsaidia, hayatamtibu peke yake. Madini chuma yaliyo kwenye majani na maharage hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama, maini na samaki. Yakiliwa pamoja na kitu chenye vitamini C, kama ndimu, chungwa, pera au nyanya mbichi, ufyonzaji unapanda. Dagaa wachache kwenye sahani hiyohiyo wanasaidia pia. Kinachoharibu ni chai ya rangi au ya maziwa inayonywewa papo hapo na chakula. Isogezwe mbele angalau saa moja.

Apimwe kituo cha afya, kwa sababu minyoo, malaria na selimundu navyo hupunguza damu. Mjamzito aendelee na vidonge vya madini chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki hata kama kapu limejaa mchicha.

Mtoto wa miezi minane anaweza kula vya kwenye kapu?

Anaweza, na maziwa ya mama yaendelee. Boga, karoti na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vipondwe laini na kutiwa matone ya mafuta au karanga zilizosagwa laini kabisa. Majani yakatwe vidogo mno na kuchanganywa kwenye ndizi au uji mzito. Mtolee chake kabla hujatia chumvi na pilipili. Mtoto akikataa mnafu leo, mpe tena siku nyingine bila ugomvi. Wengi huzoea ladha baada ya kuionja mara nyingi.

Viazi vimekuwa vya kijani. Nivitupe?

Ukijani mdogo kata pamoja na macho yake, menya nene. Kikiwa kijani sana au kikawa kichungu mdomoni, kitupe, kwa sababu sumu yake haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga.

Tukipika mara moja kwa siku mbili, kiporo kina shida gani?

Shida ni saa kinazokaa mezani. Chakula kilichopikwa kisizidi saa mbili kwenye joto la chumba, na wali ndio unaodanganya zaidi: bakteria wake huacha sumu isiyokufa kwa kupasha moto. Mwenye friji apozeshe haraka kwenye vyombo vifupi, aweke, na siku ya pili apashe hadi mvuke utoke pande zote, mara moja tu. Asiye na friji apike kinachoisha. Mboga mbichi iliyofungwa kwenye kitambaa cha unyevu italala salama kuliko mboga iliyopikwa.

Mzee wetu anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Mboga za majani amekatazwa?

Inategemea dawa. Anayetumia warfarini hahitaji kuacha majani. Anahitaji kula kiasi kilekile wiki hadi wiki. Mchicha, sukuma wiki na matembele vina vitamini K nyingi, ambayo inapingana na dawa hiyo. Akila sahani kubwa wiki kapu linapofika na kukosa kabisa wiki inayofuata, vipimo vyake vitapanda na kushuka. Amweleze daktari kwamba nyumbani mmeanza kununua kapu, ili dozi ipangwe kulingana na mlo wake. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu aulize pia kabla ya kuongeza mboga za majani, ndizi, parachichi na nyanya, maana kwake hata chakula kinachosifiwa kwa wengine kinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.