Maji ya Dripu Nayo ni Dawa: Kwa Nini Tunayapima kwa Mgonjwa wa Sepsisi

"Daktari, mwanangu, mbona maji yake yanadondoka moja moja? Hebu mfungulie yende."

Maneno haya nayasikia karibu kila zamu ya usiku hapa Pemba. Anayeyasema mara nyingi ni mama au bibi aliyekaa pembeni ya kitanda tangu magharibi, kanga begani, macho kwenye chupa. Namwelewa. Amemleta mtu wake kutoka Micheweni au Makangale hajitambui, na kitu pekee anachokiona kikifanya kazi ni lile tone. Wapo pia wasiouliza. Daktari akipa mgongo, wanakisogeza wenyewe kile kigurudumu cha kwenye mrija, na chupa ya nusu lita iliyopangiwa masaa 4 inakwisha kabla hatujarudi kumtazama mgonjwa.

Sepsisi huanza na maambukizi ya kawaida tu: ya mapafu, ya njia ya mkojo, ya kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari, ya mfuko wa uzazi baada ya kujifungua. Maambukizi yakizidi nguvu, mwili hupambana nayo hadi ukajiumiza wenyewe. Mishipa ya damu inalegea na kutanuka, na ile midogo inaanza kuvuja. Damu iliyokuwa ikitosha haitoshi tena. Presha inashuka, mkojo unakatika, akili zinahama. Hapo tunasema mgonjwa ameingia shoki, na wengi wa wanaofika hapo hawarudi.

Maji ya dripu yanaijaza mishipa hiyo ili moyo upate cha kusukuma. Kwa mtu mzima, mwongozo wa kimataifa wa 2021 unapendekeza angalau mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya masaa 3 ya mwanzo. Mtu wa kilo 60 ni mililita 1,800, yaani chupa za nusu lita zisizotimia nne. Faida yake nimeiona kwa macho: mtu analetwa presha haipimiki, na baada ya chupa mbili anafumbua macho na kuuliza ng'ombe wake kafungwa na nani. Kwa hiyo asije mtu akasema nimeandika kwamba dripu ni mbaya. Ila mwongozo huohuo, ambao zamani ulitoa kiwango hicho kama agizo la nguvu, mwaka 2021 ulikishusha kikawa pendekezo, kwa sababu ushahidi wake ni dhaifu.

Na madhara yanatoka palepale penye faida. Mshipa unaovuja hauchagui cha kuvujisha. Sehemu kubwa ya maji tunayoyatia inatoka nje ya mishipa baada ya muda mfupi na kwenda kukaa kwenye mapafu, tumboni, miguuni. Mapafu yakijaa maji, hewa haina pa kuingia. Moyo nao sepsisi huweza kuudhoofisha, ukawa unaletewa mzigo usioweza kuusukuma.

Kwa watoto hili lilipimwa jirani yetu kabisa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2011 uliwafuatilia watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Muheza, ng'ambo ya mkondo kutoka hapa, ilikuwamo, na Kilifi pia. Katika waliopewa maji ya chumvi mengi kwa haraka, asilimia 10.5 walifariki ndani ya masaa 48. Katika wasiopewa, asilimia 7.3. Kinachonitia hofu hadi leo ni kwamba saa ya kwanza wale waliofunguliwa maji ndio walioonekana kupata nafuu zaidi. Mzazi angeondoka pale akishukuru.

Kwa watu wazima, Lusaka nchini Zambia ilileta habari kama hiyo mwaka 2017. Wagonjwa wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi, waliongezewa maji kwa mpango wa haraka, na asilimia 48 walifariki. Waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida, ambao walipata maji machache zaidi, ni asilimia 33. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2023 haukuona tofauti baina ya waliopewa maji mengi na waliozuiliwa, lakini kule mgonjwa akizidiwa ipo mashine ya kumpumulia. Mimi nauangalia ushahidi huu kwa macho ya mtu wa kisiwani: pasipo na mashine, ni heri kutia kidogo, kutazama, ndipo utie tena.

Watu wazima hapa huniuliza, "Mbona wakati wa kipindupindu watu walifunguliwa maji yote?" Swali zuri. Mgonjwa wa kipindupindu amekauka. Maji yametoka kwa kuharisha na kutapika, na mishipa yake haivuji kama ya mwenye sepsisi, basi tunamrejeshea alichopoteza: hadi mililita 100 kwa kila kilo ndani ya masaa 3, 30 kati ya hizo zikiingia katika nusu saa ya kwanza. Anayeharisha sana hakuwekwa katika ule utafiti wa watoto.

Ndiyo maana mnatuona tunarudi kitandani mara kwa mara. Tunabana kucha mpaka iwe nyeupe, tunaachia, tunahesabu: wekundu ukichelewa zaidi ya sekunde 3, damu bado haijafika vidoleni. Tunanyanyua miguu ya mgonjwa tuone presha inapanda au haipandi. Tunasikiliza mapafu mgongoni, chini kabisa, na tukisikia mlio kama nywele zinazosuguliwa karibu na sikio, tunapunguza maji. Presha ikikataa kupanda tunaanza noradrenalini, dawa inayoibana mishipa iliyolegea. Dawa ya kuua vijidudu haingoji yote hayo. Kwa aliye kwenye shoki inatakiwa iingie ndani ya saa moja.

Nyinyi mliokaa kitandani mnajua mambo ambayo sisi hatuyajui. Tuambieni amekojoa lini mara ya mwisho, na mkojo ulikuwa rangi gani. Tuambieni kama ana ugonjwa wa moyo au wa figo, kama ana mimba au amejifungua karibuni, na kama alishatundikiwa dripu kwenye kituo cha mtaani kabla ya kuja, chupa ngapi. Kigurudumu kiacheni kilipo. Na mgonjwa akianza kukohoa, kuhema, au kukataa kulala chali huku maji yanaingia, tuiteni hapohapo, hata kama ni saa tisa usiku na muuguzi ametoka kwenu sasa hivi.