Kompyuta Zilizojificha Vyomboni: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Kompyuta ni ile yenye skrini na kibodi." Dhana nyingine zote potofu kuhusu kompyuta zilizomo vyomboni zimezaliwa na hii. Chomoa laini ya simu uitazame: chini ya kile kibati cha rangi ya dhahabu imo kompyuta kamili, yenye prosesa, kumbukumbu na programu zake. Simu inapojiunga na mtandao, mtambo wa kampuni huiletea laini namba ya kubahatisha. Laini huikokotoa kwa ufunguo wa siri ilionao, kisha hurudisha jibu. Jibu likilingana na la mtambo, umepokelewa. Ufunguo wenyewe haukutoka hata kidogo. Kadi ya benki yenye chipu ni vivyo hivyo, tena haina betri. Huamka tu inapopata umeme wa mashine inayoisoma.

"Mambo haya ni ya juzi." La. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliunganisha mashine ya soda na mtandao ili wajue kama chupa zipo na kama zimeshapoa, kabla ya kujisumbua kuifuata. Mwaka 1988 Mark Weiser, mtafiti wa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, alianza kueleza kompyuta zitakazoenea kila mahali hadi watu wasizitambue tena. Kwa hiyo kutoonekana kwake si ajali. Ndiyo nia iliyokuwepo tangu mwanzo.

"Kamera yangu inaangalia geti tu, nani ahangaike nayo?" Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Mvamizi hana haja na geti lako. Anataka prosesa yako na intaneti yako. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka mtandaoni ikibisha hodi kwenye kamera, ruta na mashine za kurekodia video, ikijaribu majina na nywila zipatazo sitini zilizowekwa viwandani, za aina ya "admin" kwa "admin". Kifaa kilichofunguka kiliandikishwa katika jeshi la vifaa vilivyotekwa. Tarehe 21 Oktoba sehemu ya jeshi hilo ilielekezwa kwa Dyn, kampuni iliyokuwa ikisaidia kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao, ikaizidi kwa wingi wa maombi, na Twitter, Netflix na Reddit zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye kamera hawakuona lolote. Picha ziliendelea kuja kama kawaida. Mirai ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, hivyo kuzima na kuwasha kulitosha kuifuta. Ila nywila ikibaki ile ile, iliweza kurudi baada ya dakika chache.

"Spika janja hutuma kila neno unalosema." Nusu kweli. Husikiliza muda wote, lakini neno la kuiamsha hulitambua yenyewe, na ndipo hutuma sauti kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni. Tatizo ni kwamba hukosea: huamshwa na neno linalofanana, ikatuma maongezi yasiyoihusu. Nami nashangaa tunavyoishuku spika huku runinga tukiiacha. Mwaka 2017 Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 nchini Marekani baada ya runinga zake kukusanya taarifa za kila kilichotazamwa, sekunde kwa sekunde, bila ridhaa ya wenye nyumba.

"Nikishanunua, ni changu." Umbo lake, ndiyo. Revolv, kifaa cha kuongozea taa na milango nyumbani kilichouzwa dola 300 hivi, kiliacha kufanya kazi mwaka 2016 wenye kampuni walipozima seva zake. Hakikuwa kimeharibika popote. Nayo sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024 imepiga marufuku kiwanda kuweka nywila moja kwa vifaa vyote, na kumtaka mtengenezaji aseme wazi atatoa masasisho ya usalama hadi lini. Tarehe hiyo ya mwisho wa masasisho itafute kabla hujalipa.