Viza ya masomo Uingereza kama mwenza atafuata baadaye

Msimu wa udahili ukifika, wahadhiri na watumishi wa wizara hapa Dodoma huniuliza: "Nitangulie, mke wangu anifuate Januari?" Nami huwauliza kwanza wanaenda kusoma nini, maana viza ya mwenza inategemea kozi yako.

Tangu 1 Januari 2024, anayeanza uzamili wa kawaida, wa darasani na tasnifu mwishoni, haruhusiwi kumleta mwenza kama mtegemezi. Wanaoruhusiwa ni wa uzamivu, wa uzamili wa utafiti, na wanaofadhiliwa na serikali kwa kozi inayozidi miezi 6. Usitegemee jina la shahada: sehemu ya utafiti lazima iwe kubwa kuliko ya darasani. Kiandikie chuo, wakujibu kwa maandishi kabla hujakubali nafasi. Mwenye nafasi mbili, moja ya darasani na moja ya utafiti, na familia anaitaka karibu, mimi humwambia bila kusita achukue ya utafiti.

Halafu fomu yako mwenyewe. Andika kwamba una ndoa, hata kama unaondoka peke yako. Ukijaza kuwa hujaoa, kisha mwakani mkeo akaomba na cheti cha ndoa cha zamani, mtahangaika wote wawili.

Na hicho cheti kiwepo. Huku kwetu wapo ambao ng'ombe wa mahari walishatoka na watoto wapo, cheti hakuna. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila, isajilini mapema.

Fedha ndiyo inayowasumbua wengi. Mwenza huonyesha pauni 680 kwa kila mwezi, au 845 kama mtakaa London, hadi miezi 9. Zikae benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Ukichomoa laki tano siku ya 20 ulipe ada ya mtoto, salio likashuka chini ya kiwango, unaanza kuhesabu upya. Kuna pia ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, na kipimo cha kifua kikuu.

Viza ya mwenza huisha siku moja na yako, hata akichelewa kufika. Kwenye uzamivu bado atapata muda mzuri, na kufanya kazi anaruhusiwa. Kwa uzamili wa utafiti wa mwaka mmoja, huwashauri waombe pamoja tangu mwanzo.